Mdomo ni Wake

Harufu ya kiazi kitamu kikichemka hunirudisha kwenye mkeka wetu wa ukindu. Bibi amembana mdogo wangu mapajani, anammiminia uji kwa kiganja, pua amemziba ili ameze. Mimi nilinyweshwa hivyo hivyo, na sijasahau. Mama akamchukua, akamkalisha, akampa kipande laini cha kiazi ashike mwenyewe.

"Atapaliwa huyo," Bibi akasema. "Na kuzika utazika wewe."

"Mama, mdomo ni wake," mama akamjibu.

Mtoto akakohoa, macho yakamtoka. Bibi akainuka. Mama akamzuia kwa mkono, macho kwa mtoto. Kipande kikatoka; mtoto akakitazama, akakirudisha mdomoni.

Leo mama mkwe amesimama mlangoni na bakuli la uji. Binti yangu anakula kiazi chake, nami nimekaa kati yao. Asimame hapo mpaka uji wake upoe.