Baridi ya Mti Shavuni

Nikisikia harufu ya kole, ile gundi ya mbao, shavu langu linapata baridi.

Papa alikuwa anakereza kalamu za vipande vya miti ya rangi mbalimbali, vilivyounganishwa kwa kole. Kazi yangu ilikuwa kuvipima shavuni: kipande kikiwa baridi, bado kina maji, na kole haitakishika. Siku ile mvua ilikuwa imejaza mto Mulongwe, na kipande kimoja chekundu kilikuwa baridi. Lakini umeme ulikuwa umerudi, papa akawa na haraka ya kuunganisha.

"Yote iko kavu?"

"Iko, papa."

Baadaye mashine ya kukereza ikazunguka. Aliinamisha uso karibu na kalamu. Nilirudi nyuma hatua moja. Kipande chekundu kikachomoka, kikapita karibu na jicho lake, kikagonga ukuta.

Alizima mashine, akakiokota, akakiweka shavuni mwake. Ndipo akanitazama.