Masizi ya Wifi

Siku Esnath alipoolewa Njombe, aliwakaribisha wakwe zake kahawa ya kopo. Wifi yake Avelina alionja, akatema mbele ya wageni. "Hii ni kahawa au masizi ya sufuria?" Watu wakacheka, na jina likamganda: Mama Masizi. Lilimfuata hata alipohamia Makambako na kufungua mgahawa karibu na stendi. Miaka kumi na minne alilitunza moyoni kama kaa la moto.

Kumbe kahawa ya kopo nayo haikulala. Siku hizi inayeyuka bila kuacha mashapo, na harufu yake inamtoa mtu kitandani kwenye baridi ya Juni. Esnath huwakorogea wasafiri kwenye maziwa ya moto, huichanganya kwenye keki, hata mikono yenye shombo la samaki huisugulia unga wake.

Jumapili iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa Esnath, nyumbani kwake, Avelina alikunywa vikombe vitatu, akala na keki. Kisha akapaza sauti ili wote wasikie: "Hii sasa ndiyo kahawa! Wifi, umeikaanga mwenyewe?"

Esnath aliingia jikoni, akarudi na kopo, akalitua taratibu mbele yake.

"Ni masizi, wifi. Na keki ni ya masizi. Nikuongeze?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Avelina alikodolea macho kikombe kitupu. Safari hii hakuwa na cha kutema.