Mpira Uliopita Wakati wa Salamu

Uwanja wa tenisi wa shule yetu pale Kasulu ulikuwa wa udongo mwekundu ulioshindiliwa, mistari ya majivu, na wavu wa kuvulia dagaa tulioletewa kutoka Kigoma. Njia ya kutoka sokoni ilipita ubavuni mwake. Njia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa mwalimu msichana kutoka Tanga, sina subira, na hata leo sina. Niliyecheza naye kila jioni alikuwa mwalimu mwenzangu, kijana wa Kiha wa hapo hapo. Alinishinda siku zote, isipokuwa akipita mtu mzima. Hapo aliuacha mpira umpite, akaweka raketi chini, akainama, akapiga makofi taratibu na kusalimia kwa Kiha: nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, halafu nyumba tena. Mimi nilitupa shikamoo yangu kutoka upande wa pili wa wavu nikajihesabia pointi. Nilimwambia kwa mwendo huo seti tutaimaliza mwakani, naye akacheka. Nilimpenda, niseme tu. Nilimpenda hadi nikazichukia jioni za mvua, kwa kuwa hatukucheza.

Mwaka wa pili ikaja barua ya kunihamishia Kibondo. Jioni ya mwisho tulicheza ovyo, wote wawili. Katikati ya seti akaja kwenye wavu, akasema ana neno la kuniambia. Neno hilo nilikuwa nimelingoja muhula mzima.

Hapo akatokea mama yake njiani, na kikapu kichwani. Nilikuwa sijawahi kukutana naye. Mwanawe akaniacha, akaenda kumsalimia. Makofi, nyumba, ng'ombe. Mwanawe aligeuka mara moja akanitazama. Mimi nilibaki pale pale nikidundisha mpira. Nikasema shikamoo kwa mbali. Mama akasimama kidogo zaidi, kisha akaenda zake.

Aliporudi nilimuuliza ni neno gani.

"Mama alikuwa anakungoja pale njiani," alisema. Akaokota raketi yake. "Anzisha wewe."

Kibondo hapakuwa na uwanja. Nilipiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya shule, na basi la Kasulu likifika nilikwenda kutazama wanaoshuka. Nilimwandikia barua mbili, hakujibu. Akina mama majirani walinifundisha kusalimia, wakinicheka mikono yangu yenye haraka, mpaka ikatulia.

Baada ya miaka miwili nilitumwa Kasulu kwa semina. Walimu wakaniambia ameoa, anafundisha Manyovu. Kesho yake nikamwona mama yake sokoni, anauza maharage. Nikainama, nikapiga makofi, nikauliza yote kwa Kiha changu cha kuokoteza, mpaka kwenye mvua. Aliitikia kila neno kwa furaha, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe ni wa kwa nani?"

Nilimwambia mimi ni mwalimu tu, natoka Kibondo.