Nilimfundisha baba kuandika jina moja tu, akanishangaza mpaka leo

Wakuu, wanaostahili shikamoo wapokee, waliobaki hamjambo. Mimi ni bibi. Mjukuu ndiye anayebonyeza simu, lakini maneno ni yangu na chumvi sijaongeza.

Nimesoma humu vijana mnabishana kama kura ina maana yoyote. Nikamkumbuka baba yangu.

Siku hizi naishi Kigoma, ila nilizaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, enzi za Wabelgiji. Tulikaa commune ya Albert, mtaa wa watu weusi.

Baba alitoka kaskazini mwa Katanga kufuata kazi ya reli. Alikuwa aiguilleur, yule mtu wa kugeuza njia za treni pale stesheni. Kusoma hakujua.

Mimi nilikuwa kwa masista, nasomea ualimu, na nilijiona nimeimaliza dunia.

Ukaja uchaguzi wa kwanza ambao watu weusi nao walipiga kura. Wanaume tu, lakini. Mama na mimi tulikuwa watazamaji.

Kwenye bureau yetu ya kura uliingia nyuma ya pazia, ukaandika jina la unayemtaka. Usiyejua kuandika ulimnong'oneza karani, akakuandikia.

Hapo ndipo baba alipogoma. Karani alikuwa shemeji wa kapita, msimamizi wake wa kazini, na kapita alishatangaza kwamba anamtaka Mwape, muuza samaki wa Kasenga. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Ukimuudhi kapita, unafunga virago.

"Unifundishe kuandika," baba akaniambia. "Mi sitaki kusema siri yangu mu masikio ya ule bwana."

Wakuu, nilifurahi vibaya mno.

Wagombea wa kwetu walikuwa watatu. Huyo Mwape, halafu Kabeya, Mkasai mwenye duka la mikate, halafu Ngoy, mtu wa kwetu kaskazini. Mimi nilikuwa wa Ngoy damu damu.

Basi kila jioni baba akitoka kazini nikamkalisha mezani na daftari. Nikamfundisha herufi nne tu: N, g, o, y.

Mkono uliozoea vyuma ulivunja penseli mpaka mama akalalamika. Siku ya sita akaandika Ngoy bila kuangalizia. Nikampigia makofi, moyoni nikijua kura ya baba nimeshaiweka kibindoni.

(Msinitukane bado, subirini.)

Jumamosi baba alipita ofisi ya commune, ambako majina ya wagombea yalibandikwa ukutani. Alirudi na pakiti tupu ya sigara. Nyuma yake alikuwa amechora kila alichokiona, herufi kwa herufi.

"Hii ni Ngoy, ile ulinifundisha," akasema. "Hizi ingine mbili ni nani?"

"Kabeya na Mwape, papa."

"Juu ya nini haukunifundisha?"

Nikadanganya kwamba hayo ni magumu. "Iko nguvu, papa. Ngoy iko mufupi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniangalia tu, kisha akasema polepole:

"Mutoto yangu, njia ikikuwa moja tu, banalipa aiguilleur ya nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikachukua penseli, nikamfundisha yote matatu. Kabeya ilimtesa sana.

Siku yenyewe alivaa koti lake la Pasaka. Mimi nilisimama mlangoni. Karani akanyoosha mkono apokee karatasi amwandikie, kwa mazoea. Baba akatikisa kichwa.

Mbele ya lile pazia akasimama, akafanya ishara ya msalaba kama anaingia kitubioni. Watu wakacheka. Mimi nilianza kucheka pia, halafu nikashindwa. Baba hakuwa anachekesha.

Alikaa humo muda mrefu. Alitoka jasho linamtiririka, karatasi ameikunja, akaitumbukiza sandukuni mwenyewe.

Njiani sikuweza kuvumilia. "Papa, uliandika nani?"

"Weye njo padri?" Yaani, mimi ndiye padri wa kuungamiwa?

Jumatatu kapita alimuuliza swali hilohilo mbele ya wenzake, akapata jibu hilohilo. Kazini walicheka wiki nzima. Na nyumba hatukuhama. Angemhamisha kwa kosa gani, na hajui kilichoandikwa?

Sasa sikieni aibu yangu ya mwisho. Jumapili iliyofuata baba alipokuwa misa, nililifungua lile daftari. Nilitaka kuona ni jina gani alilijaribu mara nyingi, nipate kujua.

Baada ya kurasa za masomo yetu, alikuwa amejizoeza peke yake: Ngoy, mistari ishirini. Kabeya, mistari ishirini. Mwape, mistari ishirini.

Nilikaa chini. Alijua nitachungulia.

Baba alishafariki, na jina lile amekwenda nalo. Nimepiga kura mara kadhaa tangu wanawake turuhusiwe, na kila nikifika kwenye pazia nasimama kwanza. Namwona yeye na penseli yake.

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani namfunza baba uraia, kumbe mwanafunzi nilikuwa mimi.

Haya, nyinyi mnaowaelekeza wazazi wenu siku ya kura: mnawafundisha majina mangapi? Semeni ukweli hapo chini, mimi wangu nimeshasema.