Omba kwa Shairi

Televisheni ya dada yangu iliungua siku umeme wa Katoro uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika tangu asubuhi, na hivyo ndivyo mashairi yalivyoingia katika nyumba ile. Mimi mwenyewe nisingethubutu kuyaingiza. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya ualimu wa Kiswahili, ajira hazijatoka, nami nilikuwa nimekuja kwa dada kukaa wiki mbili ambazo hakuna aliyekuwa akizitaja tena. Nikiamka mapema nilihofia kuonekana najipendekeza. Nikichelewa, mvivu. Kitumbua cha pili nilikitazama mpaka kikapoa.

Shemeji alikuwa na makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, katika ua wa jirani alioukodi. Zilipiga kelele kutwa nzima, hata vijiko vilitetemeka kabatini. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ulikuwa na mguu mmoja kooni kwako. "Mwalimu," aliniambia mbele ya watu, "hayo uliyosoma yanapimwa kwa gramu au kwa kilo?" Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikakaa chumbani nikijiuliza kama nilicheka kwa sauti iliyotosha.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza mvulana wa miaka kumi na mmoja, mwenye ulimi wa baba yake. Wa pili msichana wa miaka saba, na huyu alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kujikwaa kidogo na kuendelea. Neno lilimkaba, macho yakamtoka, shingo ikasimama mishipa, na watu wote wakabaki wamelitazama neno hilo kama gari lililonasa kwenye tope. Walikuwa wamejaribu tiba zao. Fundi mmoja alimkata uzi wa chini ya ulimi kwa wembe. Bibi yake mzaa baba, mtoto alipokwenda kumsalimia kijijini, alimpiga mdomoni kwa mwiko uliotoka kwenye ugali, akisema kigugumizi hutishika kikakimbia. Alama ya mwiko ilibaki juu ya mdomo. Kigugumizi nacho kilibaki.

Mwisho wa mwaka alikuwa na usaili katika shule ya bweni upande wa Shinyanga. Kwenye usaili huo mtoto huingia ofisini, huulizwa jina lake, huulizwa wanyama na rangi, basi. Dada alikuwa akiamka usiku kwa ajili ya hilo jina tu. Watoto wa wenzake wote walikuwa bweni. "Atashindwa kusema anaitwa nani," aliniambia akikuna nazi. "Mtoto mzima. Nitaweka wapi uso?"

Kwa hiyo televisheni ilipoungua na watoto wakaanza kupigana, nilifungua sanduku langu la vitabu. Niliwasomea tamthilia ya zamani, ya mfalme aliyezingirwa na adui huku akikataa kuamini. Nilijua ni nzito kwa umri wao. Siku mbili nzima nilijiuliza kama ni halali kuwasomea watoto mauaji, nikasahau kwamba nje ya geti walikuwa wakisikia habari za watu waliofukiwa mashimoni kila mwezi. Waliipenda. Mvulana alitaka kuwa mfalme mara moja.

"Mfalme anaweza kuamuru mtu auawe?"

"Anaweza."

"Bila sababu?"

"Anaweza, ila tamthilia inaonyesha kwamba..."

"Basi mimi mfalme."

Msichana alipewa kilichobaki, mjumbe. Mjumbe ana kazi moja, kuingia mbio na kusema adui wamefika. Aliingia mbio sebuleni, kanga ya mama yake mgongoni, akasimama mbele ya kochi, akafungua mdomo. "A-a-a-a..." Kaka yake alimtazama kutoka kwenye kiti chake cha enzi, shavu juu ya ngumi.

"Mpaka huyu amalize," alisema, "adui wamekwisha kula, wameoga, wamelala."

Dada alicheka jikoni. Nilimsikia.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi niliyaandika upya maneno ya mjumbe kwa utenzi, mishororo minne, mizani nane nane, kina cha mshororo wa mwisho kikiwa *ma*. Nilimfundisha kuyaghani kama tunavyoghani tenzi, kwa mahadhi yale ya kuvuta. Akaingia tena mbio.

*Bwana nakukimbilia,*
*adui wameingia,*
*lango wamelipitia,*
*wala hawarudi nyuma.*

Hakuna neno lililomkaba. Yalitoka kama maji ya bomba. Kaka yake alishuka kwenye kiti cha enzi bila kujua kwamba ameshuka. Dada alitoka jikoni na mikono yenye unga, akamwambia arudie, akarudia, akamwambia arudie tena, kisha akakaa sakafuni akalia. "Umefanya walichoshindwa wote," aliniambia. Na mimi, ambaye kwa miezi sikuwahi kuambiwa nimefanya kitu, nilimeza yale maneno yote bila kutafuna.

Niliendelea kumfundisha. Alikuwa mwepesi kuliko wanafunzi wenzangu wa chuo. Nilimwonyesha kwamba vina vya *ia* ni rahisi, karibu kila kitenzi kinakubali, na mshororo wa nne aufunge kwa *ma*, popote atakapopata. Aligeuza mambo ya nyumbani kuwa beti. Asubuhi moja mezani alitazama uji wake, akaghani:

*Mama naomba sukari,*
*uji wangu ni tayari,*
*ukipoa si mzuri,*
*nipe kijiko kizima.*

Tulishangilia. Shemeji mwenyewe alipiga meza. Na hapo dada akaweka sheria. Alisema kwa furaha kabisa, akimbusu mtoto kichwani, kwamba kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kumpa huyu kitu asichokiomba kwa shairi. Hakuna kumjibu. "Azoee. Ulimi ni kama ndama, ukiuacha unarudi kwenye zizi lake. Atakayempa kitu kimyakimya, atanitambua."

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nalo tayari. Niliwaza kwamba dada ndiye mama wa mtoto, mimi nakula kwake. Nikawaza tena kwamba huenda ni mbinu nzuri. Nilipomaliza kuwaza, uji ulikuwa umekwisha na kila mtu ameondoka mezani.

Wiki za kwanza mtoto alifurahi. Kisha nikaanza kuona anavyofikiri kabla ya kuomba maji, amesimama mbele ya mtungi, midomo ikihesabu. Vitu vingine aliacha kuviomba kabisa. Kaka yake aligundua utamu wa sheria ile mapema kuliko sisi wote. Alichukua viatu vyake, akaviinua juu. "Kwa shairi." Alishika kitasa cha mlango wa choo cha uani. "Kwa shairi, na leo sitaki vina vya *ia*, nimevichoka." Akakataa ubeti kwa kuwa mizani imepungua moja, na kweli ilikuwa imepungua. Mizani nilikuwa nimemfundisha mimi.

Majirani walikuja kumsikiliza. Walimrekodi kwa simu. Mama muuza dagaa alimwambia, "Niombe dagaa zangu kwa shairi, mwanangu, nitakupa fungu," mtoto akaghani, akapewa fungu. Siku akishindwa kupata kina, alibaki amesimama nao wanaondoka mmoja mmoja, wakisema leo hana upako.

Halafu wakaja wageni wa shemeji kutoka Rwamgasa. Walikuwa wanaume watatu, wenye mawe yao, na shemeji alitaka sana mawe hayo yaje kusagwa kwake. Kuku alichinjwa, soda zikamiminwa, mtoto akapewa mbili ili akae kimya kwenye kigoda mpaka aitwe. Alipoitwa alikuwa amekwisha kubana miguu. Niliona. Nilikuwa nimekaa kwenye kona karibu na kabati, nimeshika sinia ambalo halikuwa na kitu.

"Huyu ndiye mshairi wangu," shemeji alisema. "Hazungumzi kama nyie. Huyu akitaka kitu anakiimba."

Mtoto alimtazama baba yake. "N-n-na-na-na..."

"Kwa shairi, mama."

"B-b-ba..."

"Wageni wanasubiri. Kwa shairi."

Alimtazama mama yake mlangoni. Dada alitabasamu, akamtikisia kichwa, kama mtu anayemtikisia mtoto anayejifunza kutembea. Kisha mtoto akanitazama mimi. Nilijua anataka nini. Ningeweza kusema sentensi moja tu, mpelekeni chooni, na ningeisema bila vina. Nilianza kuwaza wageni watasikiaje, shemeji ataaibika kiasi gani, labda nisimame tu nimshike mkono, labda nijifanye naye nakwenda uani. Mtoto aliacha kunitazama. Akanyoosha shingo na kuanza.

*Wageni nawaambia,*
*haja imenizidia,*

Hapo ndipo mkojo ulipoanza kushuka, ukipita ndani ya soksi nyeupe. Hakuacha. Sauti haikuyumba hata kidogo.

*baba umenizuia,*
*nami bado nasimama.*

Mgeni mmoja alikuwa amekwisha kuanza kupiga makofi kabla hajatazama chini. Alipotazama chini makofi yalikuwa tayari yana mwendo, akashindwa kuyasimamisha, na wenzake wakamfuata. Kicheko kikapanda. Mgeni yule aliinuka, akatoa noti, akailamba kidogo, akaibandika kwenye paji la uso la mtoto kama wanavyotuzwa waimbaji harusini. Ilishika. Alisimama katikati ya sebule, kwenye maji yake, na noti usoni.

"Wabeja, wabeja sana," shemeji alimshukuru mgeni kwa Kisukuma, huku akifuta machozi ya kucheka. "Mmeona? Hata kujikojolea anajikojolea kwa vina."

Wakati dada anapangusa sakafu, mvulana aliinama karibu na mdogo wake. "Ungeanza na mstari wa pili," alimwambia, "ungewahi."

Jambo lililoniogopesha ni kwamba nilikuwa nimeliwaza hilo hilo. Nilikuwa nimehesabu mizani. Zote zilikuwa nane.

Kuanzia siku ile hakughani tena. Wala hakusema. Sheria ya dada ilibaki palepale, kwa hiyo hakupewa kitu ila alichowekewa, na hakuomba. Dada alidhani ni kiburi. Alimfichia sukari, akamfichia doli. Kisha aliogopa, akaniambia mimi nimrudishe. "Wewe ndiye ulimwanzishia. Usaili ni wiki ijayo." Nilikaa na mtoto chumbani, nikaghani mjumbe, nikaghani uji na sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgonjwa. Akageukia ukuta.

Tulikwenda Shinyanga watatu, dada, mtoto na mimi. Mwalimu wa usaili alikuwa mama mtu mzima, mpole, ofisi yake ina zulia. Mtoto alimwamkia kwa kupiga goti bila sauti, mwalimu akaitikia marahaba kana kwamba ameisikia shikamoo.

"Haya mwanangu. Unaitwa nani?"

Dada aliinama nyuma ya kiti. "Imba," alinong'ona.

Mtoto alivuta pumzi. "Na-na-na-na..."

"Imba, mama. Imba tu."

"Na-na-i-i..."

Mishipa ilisimama shingoni. Mwalimu alishika kalamu, akaiweka, akaishika. Sikuweza kuvumilia. Nilianza kuvumisha mahadhi ya utenzi, polepole, midomo imefungwa, yale yale ya mjumbe, ili apate pa kukanyaga. Niliamini namsaidia.

Aligeuka akanitazama.

"Ny-ny-ny..." Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia neno lile. "Ny-nya-nyamaza."

Nikanyamaza. Akamgeukia mwalimu na kurudi kwenye jina lake pale alipoliacha.

"Basi mwanangu, inatosha," mwalimu alisema, akiandika.

"B-b-bado s-si-sijamaliza."

"Nimekuelewa, inatosha."

Hakuacha. Alilisukuma jina lile mpaka likatoka lote, la kwake na la baba yake, mwalimu akiwa amekwisha kufunga faili na kumweleza dada, kwa sauti ya chini ya huruma, kwamba wakimpatia tiba wamrudishe mwaka mwingine.

Stendi, ndani ya basi, dada alikaa dirishani peke yake, kiti cha mbele, akiwa amejifunika mtandio mpaka machoni. Nilikaa nyuma na mtoto. Muuza maji alikuja chini ya dirisha letu, chupa mkononi. Mtoto alimfungulia kioo.

"M-m-m-ma..."

Noti nilikuwa nayo mkononi. Nikawaza nikimsemea nitakuwa nimemnyang'anya kama wengine, nisipomsemea atabaki na kiu. Nikachagua kusubiri, nikajiona nimefanya vyema. Kijana alisubiri kidogo, akamtazama mdomoni, akatabasamu, akahamia dirisha linalofuata. Basi likaondoka.

Tulikuwa tumeliacha lango la stendi nyuma alipofika mwisho wa neno.

"...ji. M-maji ya ba-baridi."

"Nimekusikia," nikamwambia.

Alifunga kioo.

"S-si-sikukuambia wewe."