Mtupo Rahisi wa Kituo cha Kwanza

Kazi aliyolipwa mwanangu kwa miaka mingi ya ujana wake ilikuwa kudaka mpira unaokuja chini kwa chini na kuutupa kwa mwenziwe kabla mkimbiaji hajafika. Naieleza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaeleza watu wa msikitini kwetu Tensta, huku Uswidi, wakanielewa. Mchezo wenyewe ni besiboli. Mmoja hurusha, mwingine hupiga kwa gongo, na aliyepiga hukimbilia kituo cha kwanza. Wapo wachezaji wanaokaa mbali nyuma kungoja mipira ya juu, na wapo wanaokaa karibu, wachezaji wa ndani, ambao mpira huwafikia na ukali wake wote. Mwanangu alikuwa wa ndani, kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpira hauachi kupita.

Alianza akiwa shule ya msingi. Mwalimu wa michezo aliwapeleka darasa zima kwenye uwanja mmoja nje kidogo ya mtaa wetu, wakajaribu, na wenzake wakarudi kwenye kandanda. Yeye akabaki. Mimi wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Sundbyberg, na mwisho wa wiki nikisomesha chuo, Kurani kwa watoto, katika chumba cha chini cha jengo la jirani. Nilimpa sharti moja: chuo kwanza, mpira baadaye. Alihifadhi sura upesi kuliko watoto wote niliowahi kuwasomesha. Mungu anisamehe, sidhani ilikuwa ni uchamungu. Ilikuwa haraka ya kutoka.

Alipomaliza shule alikuja mtu kutoka Marekani kumtaka. Alivua viatu mlangoni, akakaa sebuleni, mke wangu akamwekea sambusa, na mtoto akawa mkalimani wa mambo yake mwenyewe.

"Muulize," mke wangu alisema, "kazi yenyewe hasa ni ipi?"

"Ni kudaka mpira, Mama, na kuutupa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo unadaka mwingine."

Mke wangu akanigeukia. "Maalim, umesikia? Mtoto anavuka bahari kwenda kuokota mpira."

"Na sisi tulivuka bahari kuja kuogesha wazee wa watu," nikamjibu. "Riziki ya halali haina aibu."

Mimi niliuliza mambo mawili tu: kama atapata pa kusali, na kama chakula chake kitakuwa kisicho na shaka. Yule bwana alisema atapata vyote. Sidhani alijua alichokuwa akiahidi, lakini alikula sambusa zote, na mtu anayekula vizuri kwako humtilii shaka sana.

Huko Marekani alicheza katika miji midogo ambayo majina yake sikuyashika. Walisafiri kwa mabasi, wakacheza karibu kila siku. Ramadhani ilipoangukia kiangazi alinipigia simu kuuliza. Nilimwambia msafiri ana ruhusa, na ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni zawadi, haikataliwi kwa ukaidi. Basi siku alizokula kule akawa anazilipa Desemba, akija nyumbani likizo, wakati ambapo hapa kwetu jua huchomoza kwa kuchelewa na kuzama kabla watoto hawajatoka shule. Mama yake alimwambia, "Wewe unamfanyia Mungu ujanja." Akacheka, akajibu kwa Kiswidi kama wanavyojibu watoto wetu wote, kwamba hesabu ni ileile.

Hakufika kule juu kabisa wanakofika wale wa kwenye televisheni. Siku moja walimshukuru, wakamwachia. Akaenda kucheza Uholanzi, kisha Italia, ambako walimpa chumba na mshahara wa kumtosha. Alipenda kazi ile. Nilipomtembelea huko mara moja nilimwona alivyoinama kabla ya kila mpira, mikono mbele, uzito kwenye vidole vya miguu, na nikaona ni mtu aliye mahali pake.

Kisha kitu kikamharibikia. Katika mchezo mmoja mpira ulimjia polepole, mpira wa kitoto, na mkimbiaji bado yuko mbali. Aliudaka, akasimama, akautupa, ukapita juu ya kichwa cha mwenziwe wa kituo cha kwanza na kuangukia penye watazamaji, karibu na mama mmoja aliyempakata mtoto. Hakuumia mtu. Lakini tangu siku ile mkono ulikataa. Jambo la ajabu ni kwamba mipira migumu, ile ya kurukia na kutupa ukiwa hewani, aliitupa sawasawa. Ule rahisi, wenye nafasi ya kufikiri, ndio uliomshinda. Mwingine ukaenda chini, mwingine kando. Klabu ikamwambia aende nyumbani kupumzika, na majira ya kuchipua awape jibu kama anarudi.

Alirudi Tensta mwanzo wa baridi. Alikuwa na umri wa mtu mzima, na alilala katika chumba chake cha utoto, miguu ikipita mwisho wa kitanda. Asubuhi alikwenda kwenye ukumbi wa michezo kutupa mipira ukutani. Simu yake haikunyamaza: kocha huyu anamwambia ainue kiwiko, yule anamwambia apumue, mwingine anamtumia picha ya mkono wake mwenyewe. Wote walimtakia heri, na nawashukuru. Lakini kila akija mezani alikuwa na neno jipya kichwani na uso umezidi kukunjamana.

Mama yake alitaka aache. Alimwambia wazi, akimwekea wali: "Umecheza vya kutosha, baba. Kaa hapa, utafute kazi, uoe."

"Kuacha nitaacha, Mama. Lakini si hivi." Akanitazama mimi. "Baba, nikiacha sasa nitakuwa nimekimbia. Nitaogopa kila kitu."

Mimi besiboli siijui. Nilichoweza ni kumwombea, na nilimwomba Mungu ampe njia ya kutokea, yoyote anayoiona Yeye, nami nikajizuia kumchagulia.

Sasa, msikiti wetu ni kile chumba cha chini nilichokuwa nikisomeshea. Desemba sala ya magharibi huingia mchana, saa tisa haijatimia vizuri, na wanaokuja ni wastaafu kama mimi, na vijana wachache wanaotoka zamu ya asubuhi kule Husby na Kista. Siku moja mwanangu alikuja nami, akasimama safu ya mbele nyuma yangu kabisa. Nilikuwa imamu. Katika rakaa ya pili nikasoma sura ya Jua, ambayo nimewasomesha watoto wadogo maisha yangu yote, ambayo naweza kuisoma nikiwa nimelala.

Nikakwama.

Katikati ya vile viapo vinavyoifungua sura hiyo, neno lililofuata halikuwepo. Nikarudi aya mbili nyuma, nikaja tena kwa kasi, nikafika palepale, pakawa patupu. Nikarudia mara nyingine. Nyuma yangu hakuna aliyesema kitu, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa: imamu akiwa bado anarudiarudia, mwache, anatafuta mwenyewe, na ukimsemesha utamchanganya. Akinyamaza ndipo unapomfungulia, kwa neno moja tu, kwa upole. Basi nikanyamaza. Na sauti ya mwanangu ikanipa neno lile, taratibu, kama mtu anayekushikia mlango. Nikalichukua, nikaendelea hadi mwisho, tukarukuu.

Baada ya salamu, mzee mmoja wa Bujumbura, jirani yangu na mtu wa mzaha, alinisogelea huku akisugua magoti.

"Shehe, leo umekwama kwenye Jua. Ndiyo sababu wiki nzima hatulioni!"

"Wewe uliyekuwa nyuma ungelichomozesha basi," nikamwambia.

"Aa, mimi nilidhani unatuongezea sala. Nikasema leo thawabu ni bure."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mwanangu hakucheka. Tulipokuwa tukipanda kwenda nyumbani, theluji ikilia chini ya viatu na taa za madukani zimekwisha kuwaka, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa akiitumia ila akiwa na jambo.

"Baba, pale uliponyamaza, uliogopa?"

"Niliona haya kidogo."

"Lakini hukuogopa."

"Niogope nini? Nilijua safu imesimama nyuma yangu. Kama si wewe, ni mwingine."

Tukafika karibu na mlango wa jengo letu. Kisha akasema, "Mimi nikisimama na ule mpira mkononi, namwona yule wa kituo cha kwanza kama hakimu. Kama ananingojea nikosee."

"Kwani kazi yake ni nini?"

"Kudaka ninachomtupia."

"Hata kibovu?"

Akasimama. "Hata kibovu. Hasa kibovu, Baba. Glavu yake ni kubwa kuliko zetu kwa sababu hiyo."

Nilifungua mlango, nikamtanguliza. Nilikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, mawaidha mazuri kabisa, lakini nilimwona anavyotazama mbele, nikaona bado anarudia aya zake. Nikanyamaza. Mke wangu alituuliza mbona tumechelewa, mwanangu akamwambia, "Baba alipotea," na wakaniandama kwa hilo chakula chote.

Sitaki kusema kwamba mkono ulipona siku ile. Haukupona. Lakini alizima simu yake nyakati za mazoezi, na akaacha kutupa mipira ukutani. Alimtafuta rafiki yake wa utotoni, Mswidi mrefu aliyekuwa mwalimu wa hesabu na ambaye bado alichezea klabu ya hapa kwa kujifurahisha, akisimama kituo cha kwanza. Wakawa wanakwenda wawili ukumbini. Ninavyosikia, rafiki huyo alizungumza muda wote juu ya watoto wake na bei ya nyumba.

Majira ya kuchipua klabu ile ya hapa ilikuwa na mchezo wa kirafiki, na mwanangu akasema atacheza nao kabla ya kuwajibu Waitalia. Tulikwenda, mimi na mama yake, na mablanketi na chupa ya chai ya tangawizi. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Watazamaji tulikuwa wachache sana, na mbwa mmoja.

Kwa muda mrefu hakuna kilichomjia ila mipira ya kurukia, na hiyo aliimaliza kama zamani. Kisha ukaja ule. Ulibingirika polepole kwenye udongo, mkimbiaji mnene anahema nusu ya njia, na nafasi tele. Mke wangu akanishika mkono juu ya blanketi. Mwanangu akaudaka, akasimama wima. Nikaona amekaa nao. Nikaona kwamba neno halipo.

Akautupa hivyohivyo. Ulikwenda chini, mtupo mbaya, ukapiga udongo hatua chache kabla ya kituo. Yule mwalimu wa hesabu akajinyoosha mpaka karibu apasuke, glavu chini kabisa, akauokota kwenye vumbi kama mtu anayeokota ufunguo ulioanguka. Mkimbiaji akatolewa kabla hajagusa kituo.

Mwanangu akainama, mikono magotini, mabega yakitikisika. Mke wangu akasema, "Masikini, analia." Nilinyanyuka kwenda, kisha nikasikia. Alikuwa akicheka. Na rafiki yake akapaza sauti kwa Kiswidi kutoka kule kituoni, uwanja mzima ukasikia: "Leta takataka yoyote, mimi nipo!"

Baadaye ulikuja mwingine kama ule. Huo ulikwenda sawa, kifuani kwa mwenziwe, wala hakuna aliyepiga makofi kwa sababu ni mtupo ambao mtoto angeuweza. Mimi nilipiga. Mke wangu alinivuta kanzu nikae.

Akarudi Italia. Alicheza misimu mingine huko, na mara mojamoja mpira rahisi bado ulimponyoka. Alinieleza kwenye simu bila uzito, kama mtu anayekueleza kwamba amechelewa treni. Mimi niliendelea kuwaombea wote wawili, yeye na kila aliyesimama kituo cha kwanza.

Simu aliyoipiga mwishowe ilikuja Ijumaa moja mchana, nimetoka msikitini, mke wangu yuko jikoni na simu iko kwenye spika.

"Mama, Baba, nimemaliza. Narudi."

Mke wangu akaacha mwiko. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Wanataka nibaki mwaka mwingine. Nimewaambia imetosha."

"Mkono umekataa tena?"

"Mkono mzima, Mama. Juzi nimecheza vizuri. Nilidaka mpira wa mwisho, nikautupa, nikaona basi, nimeshiba."

Nilikuwa nikimtazama mke wangu, naye akiitazama simu, na nikaona kitu alichokuwa amekibeba tangu yule bwana avue viatu mlangoni kwetu kikimtoka mabegani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi usiyatupe makoti ya baridi huko. Yalete yote. Na mataulo pia."

Ipo sijda ya shukrani, ambayo mja huisujudu neema inapomfikia, palepale alipo. Nilikuwa na udhu. Nikaelekea kibla, ambacho jikoni kwetu kiko upande wa jokofu, nikashuka sakafuni kwa kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikakaa huko kitambo. Juu yangu mke wangu alikuwa akimuuliza kama leo amekula.