Mama mdogo anaitwa mchawi, na mimi nimenyamaza

Admini, ukiposti usiweke jina langu wala mtaa wetu. Hapa Bagamoyo tunajuana.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Naandika kwa sababu kuongea siwezi, hata shikamoo yangu watu husema haisikiki.

Kabla ya Ramadhani nilitoa mimba kwa siri. Nikaumwa sana, mama nikamwambia ni tumbo la hedhi tu. Akahangaika na mimi mpaka kwa mganga Mlingotini, yule akasema nimetupiwa kijicho na mtu wa nyumbani, asiyetaka nisome. Mama akakumbuka mkate wa kumimina alioniletea siku niliyoanza kuumwa mama mdogo, mke wa pili wa baba anayekaa Kerege, ambaye hajajaaliwa mtoto. Nilikuwa nimekaa palepale mkekani. Nikanyamaza.

Tangu hapo mama mdogo ni mchawi. Siku ya Idi alileta biriani, mama akawamwagia kuku mbele yake. Mashangazi wanasema tasa yule anakula watoto wa wenzake. Nikisikia hivyo natamani ardhi inimeze, maana mtoto kweli ameondoka, ila mkono ni wangu. Kichanga cha jirani kikilia nafunga dirisha. Watu wakiniombea dua nashindwa kuitikia amina.

Juzi nikaenda Kerege nimwambie ukweli. Nikamkuta anakuna nazi. Nikalia tu. Akaniuliza taratibu kama damu imekata. Kumbe siku ileile ya mkate aliiona hali yangu, akajua! Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Nijitetee kwa kukutaja wewe, mwanangu? Mimi washanizoea kunisema. Wewe ndo kwanza unaanza."

Akaniapisha nisimwambie mtu.

Sasa baba amesema Ijumaa baada ya swala wazee watakaa, anatoa talaka. Nikisema, mama yangu atavunjika, na baba sijui atanifanya nini. Nikinyamaza, mama mdogo anarudi kwao na virago vyake na jina la uchawi ambalo hatalivua popote.

Msinitukane jamani, nimeshajitukana vya kutosha. Hasa nyie kina mama, niambieni: nivunje kiapo chake, au nimwache aondoke na aibu yangu? Nishaurini kabla ya Ijumaa, nawaomba.